Keki ya Mama Mkwe

Sehemu ya Tisa

Nyie mlikuwa na wiki nzima ya kushika vichwa. Avelina hakupewa hata dakika. Shada la maua lilikuwa limeshatua shingoni mwa mwanamume, muziki umekatwa, ukumbi mzima pale Sinza umenyamaza, na mwanamume mwenyewe hakuwa Petro, mchumba wake.

Alikuwa Brightson, kaka mkubwa wa Petro, mume wa mtu. Mkewe alikuwa ameketi kiti cha pembeni, mkoba mapajani, anayatazama maua yale kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa nyumba yake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi nitaeleza mbiombio. Hii ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi kwao, ya Avelina, fundi mapazia wa Manzese. Kwenye sendofu bi harusi hupewa shada, hupigiwa muziki, akaambiwa aingie katikati ya wageni amtafute mwenzake alikojichimbia, amvishe, amlete meza kuu. Ni mchezo wa kuchangamsha watu. Hakuna anayekosea, maana nani atampotea mtu anayefunga naye ndoa Jumamosi ijayo?

Avelina alikosea kwa sababu alikuwa haoni sawasawa. Sukari yake ilikuwa inashuka. Nyuso zilikuwa zimeanza kuchanganyikana mbele yake, taa zinacheza, masikio yanavuma. Aliona suti ya kijivu na yale mabega mapana ya familia ile, akajiambia ndiye huyu, akavisha.

MC Jabiri ndiye aliyeziba pengo. "Jamani, msishtuke," alisema kwenye kipaza sauti. "Dada yetu kaanzia kwa shemeji. Anaomba ruhusa kwanza."

Watu wakacheka. Upande wa bi harusi walicheka sana, kile kicheko cha kufukia aibu. Upande wa wakwe walicheka nusu mdomo. Petro akainuka meza ya pili, akalivua shada shingoni mwa kaka yake, akajivika mwenyewe, akamshika Avelina kiwiko.

"Vipi wewe?" alimnong'oneza wakitembea.

"Imeshuka, Petro. Nitafutie kitu cha sukari."

"Kaza kidogo. Mama anatuangalia."

Mnamkumbuka mama huyo. Bi Marietha wa Temeke, mjane aliyemuuguza mumewe kwa kisukari mpaka hospitali ikamkata mguu mmoja, ikarudi kumkata wa pili, na mwisho ikamkabidhi maiti. Siku Avelina alipopelekwa kutambulishwa, mama yule alimkaribisha vizuri, akamlisha akashiba, halafu akasema bila kumlenga yeyote kwamba kuna jambo moja tu analomwomba Mungu, ugonjwa ule usikanyage tena kizingiti chake. Avelina alikuwa na sindano ya insulini mkobani wakati akiyasikia hayo. Anajichoma tangu kidato cha pili, kila siku ya Mungu, na bila sindano hiyo hana uhai.

Alitaka kusema palepale. Petro ndiye aliyemzuia. Walipotoka nje alimwomba wasubiri. Mama akishamzoea, akishamwona anavyojituma, ndoa ikishafungwa, watamwambia pamoja. Alimshika mikono yote miwili wakati akimwomba. Avelina alikubali kwa sababu alimpenda, na tangu siku hiyo nafsi yake haikumpa raha.

Sasa hapa lazima niwagombeze wakwe. Kwa desturi ya sherehe zetu, sufuria halifunuliwi ukumbini kabla wakwe hawajaketi. Mwenyekiti wa kamati alipowapigia simu, walimjibu wapo hapo Ubungo, wanakata kona. Mwenyekiti akatangaza kwamba wakwe ndio hao na chakula tayari. Avelina akaingia chumba cha nyuma ya jukwaa, akapandisha gauni kwa tabu, akajichoma sindano ya chakula, ile inayotaka sahani iwe mbele ya mtu muda si mrefu. Ndiyo maisha yake ya kila siku, sindano kwanza kisha sahani, na katikati hapo hapataki mchezo.

Nyie wenyewe ni watu wa Dar. Mtu akikwambia yupo Ubungo anakata kona, maana yake yupo uvunguni kwake anatafuta kiatu cha pili. Wakwe walikuwa bado Temeke, wanagombana nani apande gari lipi. Avelina, aliyezaliwa mji huuhuu, anayewadanganya wateja wake wa mapazia kwa maneno hayohayo, siku hiyo aliyaamini.

Kufika walifika, giza limeshaingia. Kamati ikaona muda umekwenda, ikapitisha kwamba shada na keki vitangulie, chakula kifuate. Wali ulikuwa jikoni unapoa, na insulini mwilini mwa Avelina haikuwa na habari na ratiba ya mtu.

Alipofika meza kuu, kitu cha kwanza kukitafuta kwa macho kilikuwa soda. Aliiweka pale mwenyewe mapema, chupa ya machungwa, pembeni ya kiti chake. Sasa palikuwa na maji, maua, na shampeni isiyofunguliwa.

"Mage, soda yangu iko wapi?"

Margareta alikuwa msimamizi wake, rafiki wa cherehani ya jirani, na aliijua siri ile tangu juzi tu. Aliinama kama anayemrekebisha hereni.

"Nimeitoa, shoga yangu. Mtu mwenye sukari na soda wapi na wapi? Unataka kufa siku ya furaha yako?"

"Imeshuka, Mage. Nataka kitamu."

"Ndo ugonjwa wenyewe huo unakutamanisha. Kunywa maji."

"Basi nipe mkoba wangu. Mna peremende."

"Nimezikuta. Mkoba nimeufungia kwenye gari." Margareta akampigapiga bega. "Usijali, mie nakulinda."

Alisema hayo kwa mapenzi ya kweli kabisa, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia.

Avelina alitaka kumweleza kwamba sukari hupanda na hushuka, kwamba ikipanda inamla mtu polepole, na ikishuka inamwangusha hapohapo alipo. Maneno yalikuwepo kichwani ila ulimi ulikuwa mzito. Kilichotoka ni kumwambia Mage kwamba ni mjinga, tena kwa sauti iliyofika meza ya tatu. Shangazi mmoja wa upande wa wakwe akamgeukia mwenzake akasema mtoto huyu kalewa. Mwenzake akajibu kwamba yeye aliliona hilo tangu kwenye shada.

Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Vidole vinatetemeka, midomo imekufa ganzi. Avelina aliogopa. Aliijua njia hii inakoelekea. Ataanguka, watammwagia maji, watamwombea na kumpepea kwa khanga, na hakuna atakayekumbuka kumtia sukari mdomoni. Alimtafuta mama yake mzazi, Mama Anjelina, anayeyajua haya yote, lakini mama alikuwa jikoni anagombana na wapishi wali upashwe moto. Alimtazama Petro. Petro alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera.

Angeweza kusimama akasema ana kisukari, apewe soda. Ukumbi wote ungesikia, Bi Marietha akiwa wa kwanza, na ndoa ingeishia pale. Au angenyamaza amwombe Mungu chakula kiwahi. Akanyamaza.

"Keki," MC Jabiri alitangaza. "Wapiga picha, sogeeni."

Kisu kikawekwa mkononi mwake, mkono wa Petro ukakaa juu ya wake, watu wakahesabu kwa makofi, keki ikakatwa. Utaratibu wa kamati mnaujua. Kipande cha kwanza bi harusi anamlisha mama mkwe, amepiga magoti. Kinachofuata wazazi wake. Halafu mjomba, halafu wasimamizi, na yeye mwenyewe anaonja mwisho kabisa, akishawamaliza wote. Bi harusi akitanguliza tumbo lake, ukweni wataisimulia habari hiyo mpaka wajukuu zake wapate wajukuu.

Bi Marietha akaja mbele, amenyooka, gauni la kijani limempendeza. Hakuwa amecheka tangu lile shada. Avelina akapiga magoti, au miguu ndiyo iliyoisha nguvu, hata yeye mwenyewe hakujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

MC akasogeza kipaza sauti katikati ya nyuso zao, ili ukumbi usikie yale maneno ya heshima yanayosemwaga na mtu na mkwewe.

Kisahani kilikuwa mkononi. Juu yake kipande cha keki, krimu nyeupe, kijiti kimechomekwa. Harufu ya vanila ikampanda puani. Akakiinua kijiti kuelekea mdomo wa Bi Marietha, aliyekuwa ameshaufungua, na mkono ukasimama njiani.

Avelina anasema mpaka leo hakuamua. Mkono uligeuka wenyewe. Kipande cha mama mkwe kikaingia mdomoni mwake yeye, akakitafuna. Akaokota makombo yaliyobaki kisahanini kwa vidole, akala. Akalamba krimu kwenye kiganja, amepiga magoti, ndani ya gauni la dhahabu, mbele ya koo mbili na kamera zinazochukua.

Bi Marietha alibaki na mdomo wazi.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mke wa Brightson akasema alichokuwa anakihifadhi, kwamba kama huu si ulevi basi ni dharau, wachague wenyewe. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akasimama, akavaa kofia yake. Aliwaambia wenzake waondoke. Kiti kimoja kikaburuzwa, kikafuata kingine. Mama Anjelina akatokea mlango wa jikoni na upawa mkononi, akawaona watu wanainuka, akashindwa kuelewa wanakwenda wapi na wali ndio kwanza umepata moto.

Avelina alisikia yote hayo kwa mbali. Alikuwa bado anatafuna, na machozi yalikuwa yanachanganyika na krimu. Aibu aliyokuwa nayo ilizidi njaa, lakini hakuacha kutafuna.

Kisha mkono ukamshika shingoni. Bi Marietha alikuwa ameinama. Akamgusa paji la uso, akakiangalia kiganja chake kilivyolowa jasho. Akashika vile vidole vinavyotetemeka. Akasogeza pua karibu na mdomo wa Avelina, akanusa. Hapakuwa na harufu ya pombe.

"Nileteeni soda," alisema. "Maji acheni. Soda, upesi."

"Mama, hapana," Margareta alidakia. "Huyu si ana..." Akajiziba mdomo kwa mkono.

"Najua alichonacho. Nimeuguza mtu miaka na miaka. Mtoto huyu ana sukari, na imeshuka."

Kipaza sauti cha MC kilikuwa bado palepale katikati ya nyuso zao. Spika zikayapeleka maneno yale meza zote, mpaka kwa wapishi. Mzee wa kofia akarudi kukaa.

Siri ambayo Avelina alikuwa ameilalia na kuamka nayo tangu siku ya utambulisho ilikwisha hivyo, kwa sauti ya mtu yuleyule aliyekuwa akifichwa.

Soda ililetwa. Bi Marietha akakaa sakafuni na gauni lake la kijani, akakiegemeza kichwa cha Avelina begani, akamnywesha mafunda madogomadogo, akimkataza kugugumia asije akapaliwa. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama mama yule kazini. Taratibu taa zikaacha kucheza. Sauti masikioni zikatulia. Uso wa kwanza Avelina kuuona vizuri jioni ile ulikuwa wa mama mkwe, na ulikuwa umelowa machozi. Hakujua kama analiliwa yeye au marehemu.

"Tangu lini?" Bi Marietha alimuuliza.

"Tangu nasoma, mama."

"Unachoma?"

"Nachoma."

"Na ulikaa sebuleni kwangu ukaniacha nikasema maneno yote yale."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bi Marietha akajifuta uso kwa kiganja. Akasema yale ya sebuleni aliyasema kwa uchungu wake wa kufiwa, na mwenye akili angejua kwamba ugonjwa hauombi ruhusa. Ugonjwa wenyewe, alisema, angeuvumilia. Kisha akaeleza jambo ambalo hata watoto wake hawakuwahi kulisikia. Mumewe alimficha. Alikuwa akienda kliniki kwa siri, anaficha dawa kazini, anakula kila anachopakuliwa nyumbani ili mkewe asishtuke, na yeye alikuja kuujua ugonjwa siku mguu ulipoanza kunuka. Kilichomuua yule mzee, alisema, ni kule kuficha. Angejua mapema angempikia anavyotakiwa, angemwamsha usiku, angemtunza.

"Sina ugomvi na sukari ya mtu," alisema. "Ila kwangu hatafichwa mtu tena. Petro, ulijua?"

Petro alikuwa amesimama meza kuu. Aliwatazama wazee wa kanisa lake waliopangwa mstari wa mbele. Akamtazama kaka yake. Akaitazama kamera, ambayo taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Sikujua, mama," alisema. "Hata mie ndo nasikia leo."

Jamani, kuna maumivu ambayo sindano ni afadhali. Avelina alisubiri Petro aongeze neno. Petro alikaa.

Mzee wa kofia alikuwa ameshasimama tena. Akasema basi mambo yako wazi, binti kaidanganya familia na wazazi wake wamemfunika, na kwa hali hiyo hawezi kuwashauri wenzake waendelee na ndoa. Upawa ukamtoka Mama Anjelina mkononi. Mzee Albano, baba yake Avelina, mtu asiyependa maneno, akainamisha kichwa kama mshtakiwa. Walikuwa wanabeba uongo ambao hawakuutunga, wala hawakuambiwa kwamba upo. Wao walidhani wakwe walishaelezwa zamani.

Avelina akamtafuta Petro kwa macho. Petro alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha yeye tu kuona. Nyamaza, nitarekebisha baadaye. Aliujua uso ule. Ndio uleule wa siku ile nje ya nyumba ya mama yake. Akinyamaza, Petro atabaki msafi, na huenda kweli baadaye akarekebisha. Akisema, atamvua nguo mwanamume anayempenda mbele ya mama yake na kanisa lake, tena atajivua na yeye, maana ushahidi alionao si jambo msichana hulisema mbele ya wazee. Akamwangalia baba yake, ambaye hakuwa ameinua kichwa.

Akamwomba MC kipaza sauti. MC akasita, akampa.

"Mama," Avelina alisema, na sauti yake ilikuwa imeshanyooka. "Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikavunjika mkono wa kulia. Nilikuwa siwezi kujichoma. Mtu aliyekuwa anakuja chumbani kwangu kunichoma sindano, asubuhi na jioni, hapa tumboni, ni Petro. Mkono wake ni mwepesi, hata sikuwa nasikia."

Meza ya wazee wa kanisa iliguna kwa pamoja. Mke wa Brightson aliweka mkoba chini. Bi Marietha aliiweka chupa ya soda sakafuni, akainuka kwa kushika kiti, akageuka kumtafuta mwanawe.

Petro alikuwa ameshatoka meza kuu. Alikuwa anapita katikati ya viti, haraka, bila kumtazama mtu, karibu anaufikia mlango. Mama yake akamwita kwa sauti ambayo haikuhitaji spika, na jina alilomwita nalo lilikuwa la marehemu mumewe.

Petro akasimama.